Moto wa Kupikia na Moto wa Kuota: Uhakiki wa Istilahi za Joto la Nyumbani

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza kundi moja dogo la istilahi ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa nyuma na kazi kubwa iliyofanywa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Kundi hilo ni la maneno yahusuyo kuipasha nyumba joto wakati wa baridi. Huenda msomaji aliyeko Tanga au Dar es Salaam akauliza maneno hayo yana haja gani katika nchi yenye jua kama hii. Jibu lake liko Babati.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo na karibu na Mlima Kwaraa. Ukitoka hapo ukapanda hadi Bashnet, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, baridi huzidi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita kipupwe, moto katika nyumba za huko una kazi mbili: huivisha chakula, na watu huuota. Lugha yetu ya ofisini imeijua vema kazi ya kwanza. Ya pili haikupewa jina, na jambo lisilo na jina katika maandishi ya serikali ni jepesi kusahauliwa.

1. Neno "kupikia"

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Hatuna ugomvi na shabaha hiyo. Misitu yetu na mapafu ya mama zetu yanaihitaji. Tunalolihakiki ni umbo la istilahi yenyewe.

"Kupikia" ni kauli ya kutendea, nayo huweka mpaka: nishati hii ni ya kazi ile, si ya nyingine. Mpaka huo haumsumbui mtu wa pwani, kwa kuwa yeye hutaka moto wa kupikia uzimike mapema ili chumba kisizidi fukuto. Nyanda za juu hali ni kinyume. Kuni zilizokuwa juu ya mafiga jioni nzima zilipika ugali kwa muda mfupi, na saa zilizobaki zilikuwa za kuota. Likija jiko la gesi, ugali huiva upesi na moto huzimwa. Chakula kimepatikana, joto limeondoka. Hapo ndipo jiko la mkaa, lililodhaniwa limestaafu, hubebwa kutoka nje likaingizwa chumbani mwa kulala, na mlango ukafungwa.

Mtumishi anayeandika taarifa ya kijiji kwa msamiati wa "nishati ya kupikia" hana mahali pa kuuweka moto huo wa chumbani. Si wa kupikia. Basi, kwa mujibu wa taarifa yake, haupo. Hivyo istilahi imeficha jambo ambalo mkakati wenyewe ungependa kulijua, yaani kwa nini nyumba iliyokwisha kupata gesi bado inanunua mkaa.

2. Neno "jiko"

Neno "jiko" limebeba mengi. Ni chumba cha kupikia, ni chombo cha kupikia, na katika mazungumzo ni mke, kwani anayeoa husemwa amepata jiko. Wingi wake wa asili, "meko", umegeuka kuwa neno la pekee kwa mahali penye moto, na vyombo sasa tunaviita "majiko". Lugha imeyamudu haya yote bila shida, kwa kuwa muktadha hutenganisha.

Shida huanza pale neno hilo linapoitwa kutafsiri chombo ambacho hakipiki kabisa. Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako leo wanaishi wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, yako majiko ya kupasha nyumba joto yanayochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Vipande hivyo humiminwa katika tangi lililo juu au nyuma ya jiko. Parafujo inayozungushwa na umeme huvisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Feni moja huingiza hewa ya kuuchochea moto na kuusukuma moshi nje kupitia dohani, na feni nyingine huvuma hewa yenye joto chumbani. Umeme ukikatika, parafujo husimama na moto hufa.

Sasa mfasiri na akabidhiwe maelekezo ya chombo hicho. Atakuta shauri hili, ambalo ni sahihi kabisa kwa chombo hicho: "Baridi ikizidi, funga milango na madirisha ya chumba chenye jiko ili joto lisipotee." Na tumfikirie msomaji wake, mtu aliyekulia Babati au Bukavu, ambaye kwake "jiko" katika chumba cha baridi ni jiko la mkaa. Sentensi hiyo hiyo, iliyotafsiriwa bila kosa la sarufi hata moja, inaweza kuua nyumba nzima.

Tofauti baina ya vyombo hivi viwili haiko katika ukubwa, wala katika bei, wala katika kinachochomwa. Iko katika njia ya moshi. Kimoja kina dohani inayoupeleka nje. Kingine huuacha moshi wake katika hewa ile ile wanayoivuta waliolala. Istilahi isiyoonyesha tofauti hiyo haifai kuandikwa katika maelekezo yoyote ya usalama. Lugha yetu inalo neno "dohani" tangu zamani. Kazi iliyobaki ni kulitumia.

Tena liko neno jingine la kutengwa, nalo ni "kuota". Mtu huota moto au jua kwa kuuelekea: huukaribia na kunyosha mikono. Kupasha chumba joto ni jambo jingine. Hapo kinachopashwa kwanza ni hewa na kuta, na mtu hupata joto hata akiwa ameupa moto mgongo. Kwa sababu hiyo hatuafiki wale wanaoandika "jiko la kuota moto" kwa kila chombo cha joto. Kwa kupasha chumba tunalo tendo "kukanza", lijulikanalo na kila aliyepata kukanza chakula kilichopoa. "Jiko la kukanzia nyumba" ni istilahi iliyo wazi, na mwenye kuisikia kwa mara ya kwanza haitaji kufafanuliwa.

3. Tembe, kidonge, punje

Vile vipande vya unga wa mbao vina unene wa milimita 6 au 8 na urefu usiozidi sentimita 4. Si vigeni tena Afrika Mashariki. Nchini Rwanda kampuni ya Inyenyeri ilivisambaza mjini Gisenyi kwa ajili ya kupikia, hadi iliposimamisha shughuli zake mwaka 2020. Babati yenyewe ina malighafi nyingi ya kuvitengeneza: pumba za mpunga wa Magugu, maganda ya alizeti, magunzi ya mahindi, mabua ya mbaazi, na vumbi la viwanda vya mbao. Majina yanayopendekezwa ni manne, nasi tutayapima moja moja.

"Peleti" ni utohozi. Hauna kosa la sauti, lakini hauonyeshi kitu chochote, na kanuni yetu ya kuunda istilahi inatutaka tutazame kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kubisha hodi ugenini.

"Tembe" huvutia kwa kuwa wauguzi hulitumia kwa dawa iliyoshindiliwa. Lakini katika nyanda za kati na kaskazini, kwa Wagorowa na Wairaqw kama kwa Wagogo, tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Isitoshe, tembe ni kuku jike asiyeanza kutaga. Maelekezo ya "kujaza tembe kabla ya usiku" yangeleta kicheko Babati, na pengine maswali. Wanaotaka kujiokoa kwa kusema "kitembe" wamesahau kwamba neno hilo ni kasoro ya ulimi katika kutamka.

"Kidonge" kina hatari yake. Kitu kiitwacho kidonge, kikiwekwa ndani ya nyumba katika mfuko, kitachukuliwa na mtoto kuwa dawa.

Limebaki "punje". Vipande hivi humiminwa, hupimwa kwa kilo na huingia kwenye chombo kama mahindi yanavyoingia mashineni. Umbo na matumizi vyote vinaafikiana na punje. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba punje haikai peke yake. Hudai kutajiwa ni ya kitu gani. Tutalazimika kusema "punje za mbao", "punje za pumba", "punje za alizeti". Na huko ndiko tunakotaka kufika.

Tuchukue chumba kinachohitaji kilowati 2 za joto kwa saa 10 za usiku, yaani kilowati-saa 20. Kilo moja ya punje kavu za mbao, katika jiko zuri, hutoa kiasi cha kilowati-saa 4 za joto linaloingia chumbani. Zitahitajika kilo 5. Punje za mbao za daraja la juu, kwa kipimo cha kimataifa, hazipaswi kuacha majivu yanayozidi asilimia 0.7, kilo 5 zitaacha gramu 35, kiasi cha kujaza kiganja. Pumba za mpunga huacha majivu karibu asilimia 20. Kilo 5 za punje zake zitaacha kilo nzima ya majivu, na zaidi ya hayo joto lake ni pungufu, hivyo kilo 5 hazitatosha. Majivu hayo yakijaa katika kikombe cha jiko lililoundwa kwa ajili ya mbao, matundu ya hewa huziba, moto hufifia, na mwenye jiko husema jiko ni bovu. Jiko si bovu. Jina ndilo lililomficha alichonunua.

Hukumu hiyo hiyo inalifaa neno "mkaa mbadala". Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, hutengeneza kutokana na makaa ya mawe mkaa uitwao Rafiki Briquettes. Vikundi vingine hutengeneza mkaa kutokana na mabaki ya mimea. Vyote viwili huitwa mkaa mbadala, ingawa hutofautiana katika asili, joto, majivu na harufu. Neno "mbadala" hutuambia kitu hiki si nini. Halituambii ni nini. Sisi tungesema "mkaa wa kufyatua", kama tusemavyo kufyatua matofali, kisha tutaje malighafi yake.

4. Jiko halina joto

Malalamiko ya mwenye jiko wakati wa baridi ni mafupi: "Jiko halina joto." Mwalimu wa fizikia na mfasiri wa maelekezo wanapaswa kuyafumbua maneno hayo, kwa maana yanaweza kuwa na maana nne.

Kwanza, pengine kuni zenyewe zina joto dogo. Kilo ya mbao kavu hutoa kiasi cha megajuli 16 ikiungua. Kilo ya kuni mbichi ambayo nusu yake ni maji hutoa kiasi cha megajuli 8 tu, kwa kuwa ndani yake mna nusu kilo tu ya mbao, na sehemu ya joto lake hutumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Neno linalotakiwa hapa ni "unyevu", na ndiyo sababu punje nzuri hazina unyevu unaozidi asilimia 10. Zikikaa katika sakafu yenye ukungu hufumuka na kurudi kuwa unga.

Pili, pengine moto haupati hewa: majivu hayakutolewa, feni imeshika masizi, au ukingo wa mlango umeacha upenyo. Neno hapa ni "hewa", wala si "joto".

Tatu, pengine moto unawaka vema lakini uwezo wa jiko ni mdogo kuliko chumba. Jiko la kilowati 2 haliwezi kukanza ukumbi unaotaka kilowati 6, hata lijazwe namna gani.

Nne, pengine joto linatoka jikoni na kukimbia juu. Paa la bati lisilo na dari hulipoteza joto upesi usiku. Tembe ya wazee, yenye kuta nene na paa la udongo, ilipokea joto la mchana na la meko, ikalirudisha polepole hadi alfajiri. Hatusemi watu warudi katika tembe. Tunasema kwamba dari na kuta ni sehemu ya somo la joto, na maelekezo yanayozungumzia jiko peke yake yamefundisha nusu ya somo.

Ili kuyatenga haya, neno moja "joto" halitoshi. "Halijoto" imekwisha kuzoeleka shuleni kwa kile kinachopimwa kwa kipimajoto. Tuongeze "wingi wa joto", unaopimwa kwa megajuli au kilowati-saa, na "uwezo wa jiko", unaopimwa kwa kilowati. Kijinga cha kiberiti kina halijoto kubwa na wingi mdogo wa joto. Debe la maji vuguvugu ni kinyume chake. Mwanafunzi aliyeelewa mfano huo hataambiwa tena na muuzaji kwamba jiko linalowaka kwa mwali mkali ndilo litakaloikanza nyumba.

5. Hewa ukaa

Tumeliweka mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Mkaa ukiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usiotoa moshi wowote, huitoa pia. Kwa hiyo tangazo linalosema mkaa fulani "hauna moshi" lisisomwe kuwa hauna sumu.

Katika maonyo kadhaa gesi hiyo huitwa "hewa ukaa". Lakini "hewa ukaa" ndilo jina ambalo maandishi ya mazingira yamelitumia kwa dioksidi ya kaboni, na biashara ya hewa ukaa inajulikana sana katika mkoa huu huu wa Manyara, ambako Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, hupata mapato kwa kuuhifadhi msitu wao. Basi mwananchi wa Manyara anasikia neno moja likimletea fedha za kijiji kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine anaonywa kwamba litamwua usingizini. Asipolishika onyo, lawama si yake.

Wapo watakaosema kwamba istilahi ni kazi ya wataalamu, na kwamba wananchi hujua wenyewe jiko gani ni la hatari. Wanaojua ni wengi, ni kweli. Lakini onyo huandikwa kwa ajili ya asiyejua, na kwa ajili ya yule anayejua ambaye usiku huo baridi imemshinda.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe:

(a) Pale inapozungumzwa mikoa ya baridi, istilahi iwe "nishati safi ya kupikia na kukanzia", ili kazi zote mbili za moto zihesabiwe.

(b) "Jiko la kupikia" na "jiko la kukanzia" yatengwe, na katika maelekezo yote ya usalama itajwe kama jiko ni "lenye dohani" au "lisilo na dohani".

(c) "Punje" itumike kwa vipande vilivyoshindiliwa na "mkaa wa kufyatua" kwa mabonge ya mkaa, na kila mara malighafi itajwe.

(d) "Halijoto", "wingi wa joto" na "uwezo wa jiko" yafundishwe pamoja.

(e) "Hewa ukaa" iachiwe dioksidi ya kaboni. Kaboni monoksaidi iitwe kwa jina lake, na katika maonyo kwa umma iongezewe maneno "sumu ya mkaa".

Kabla ya kuyapitisha, tunashauri wasanifu wapeleke orodha hii Babati, Mbulu na Hanang wakati wa kipupwe, wakawaulize wasemaji wa Kigorowa, Kiiraqw, Kibarbaig na Kirangi wanauitaje moto usiopikiwa kitu. Lugha za watu wanaoishi na baridi hazikosi neno la kutufaa. Na pendekezo (e) lisingoje safari hiyo. Onyo sahihi linaweza kuandikwa leo.